Mnyama wa Kutazamwa: Zawadi, Mali au Amana?

Katika likizo ya Desemba, dada yangu aliwapeleka watoto wake Entebbe kuwaona wanyama. Ana kibanda cha nguo katika soko la Arua, na safari hiyo aliiwekea akiba tangu mwezi wa nne. Mimi nilikwenda kumsaidia, kwa sababu watoto ni wanne na mdogo wao bado anabebwa mgongoni. Tulipanda basi la usiku tukiwa na chapati, mayai ya kuchemsha na maji, na kulipokucha tulikuwa Kampala. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa mlangoni mwa Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda, ambacho watu wengi wanakiita tu zuu.

Ilikuwa siku njema. Watoto waliwaona simba, wakawaona sokwe kwenye kisiwa chao, wakamwona yule ndege mkubwa wa matopeni mwenye mdomo kama kiatu. Walicheza kwenye bembea hadi tukawavuta mikono. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona dada yangu akicheka vile. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba insha hii ni ya mtu aliyenuna siku ya furaha.

Swali lilikuja tulipofika kwa faru. Mtoto wa pili, mwenye umri wa miaka tisa, alishika uzio akawatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, “Mjomba, hawa wanatoka wapi?”

“Kenya,” nikamjibu.

“Kwetu hakuna?”

“Zamani walikuwepo.”

“Nani aliwachukua?”

Nilimwambia kwamba ni habari ndefu. Hilo ndilo jibu la mtu mzima asiyejua la kusema. Tuliporudi nyumbani Aroi nilimsimulia babu. Yeye alipokuwa kijana aliwaona faru upande wa Mto Nile, alipokwenda huko na baba yake kutafuta samaki. Akaniuliza, “Mlilipa pesa kumwona faru?” Nikasema ndiyo. Akacheka. Kisha akanyamaza, na kile kimya chake kilinisumbua kuliko kicheko.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki kufurahia kumtazama mnyama aliyeondolewa kwao? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani? Nitazungumzia faru weupe, kwa sababu ndio walioleta swali, na kwa sababu habari zao zinatuhusu sisi watu wa West Nile kuliko tunavyojua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Faru mweupe wa kaskazini, hapa Uganda, makazi yake ya asili yalikuwa upande wa magharibi wa Mto Nile, yaani kwetu. Jina la Rhino Camp, ambalo leo watu wengi wanalijua kwa ajili ya makazi ya wakimbizi, ni jina la mnyama huyo. Mwezi Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi sehemu hiyo pamoja na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua faru weupe tisa. Walikuwa wanakusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington, ili watu wa huko nao wawatazame. Wakati huo nchi yetu haikuwa hata Uganda. Ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, na iliingizwa Uganda mwaka 1914.

Baadaye serikali ilijaribu kuwalinda. Hifadhi ya Ajai, iliyopewa jina la mtemi wa sehemu ile, ilijulikana hasa kwa faru hao. Miaka ya 1960 baadhi yao walihamishiwa Murchison Falls, ng'ambo ya mto, ili wawe salama zaidi. Lakini pembe ya faru ilikuwa na wanunuzi mbali, na bunduki zilikuwa karibu. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa miaka ya vita. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Nchi ambayo watu wake wamekimbia haina wa kuwalinda wanyama. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hapakuwa tena na faru hata mmoja wa porini katika Uganda nzima.

Hilo ndilo jibu la “nani aliwachukua.” Walichukuliwa na wengi: wageni waliokuja na bunduki zao, majangili, wafanyabiashara, vita. Na hatuwezi kuapa kwamba mikono ya watu wetu wenyewe haikuwemo.

Sasa turudi kwenye uzio wa Entebbe. Yule faru tunayemtazama ni nani kwetu? Naona majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba ni zawadi. Mungu ameumba, binadamu afurahi. Jibu hili lina ukweli, kwa maana furaha ya watoto wa dada yangu haikuwa dhambi. Lakini zawadi haina masharti. Ukipewa zawadi unaweza kuitumia mpaka iishe, na hakuna wa kukuuliza. Na ndivyo tulivyowatumia wale wa kwanza.

Jibu la pili ni kwamba ni mali. Amenunuliwa au amekamatwa, analishwa, ana daktari wake, na anayetaka kumwona alipe kiingilio. Silidharau jibu hili pia, kwa kuwa faru hali hewa na mtunzaji hali shukrani. Hata hivyo, mwenye mali ana haki ya kusema: hiki ni changu, siulizwi nilikipata wapi wala nitakipeleka wapi. Swali la mtoto, “wanatoka wapi?”, linakuwa swali la utovu wa adabu.

Jibu la tatu, ambalo nalitetea, ni kwamba mnyama wa kutazamwa ni amana. Katika Kiswahili neno hili lina uzito wake. Amana si yako, ingawa iko mikononi mwako. Unaitunza vizuri, pengine kuliko mali yako mwenyewe. Unaweza kufaidika nayo kidogo ukiruhusiwa. Ila kuna mwenyewe, na siku akiweza kuipokea, huna neno. Wazo hili si geni Afrika Mashariki. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyamapori (si lile Azimio la Arusha la 1967), na ndani yake taifa linawapokea wanyama kama dhamana ya kuwatunzia wajukuu. Mimi naongeza jambo moja tu: dhamana hiyo haimfungi raia wa nchi peke yake. Inamfunga kila anayemweka mnyama ndani ya uzio na kila anayelipa kumtazama.

Hapa mwenzangu mmoja darasani alinipinga vikali. Alisema: amana hutolewa kwa hiari na mwenye mali. Faru hawakuwekwa amana na mtu yeyote, walichukuliwa tu. Mwizi hageuki kuwa mwekewa amana kwa kubadilisha jina.

Pingamizi hilo ni la kweli, na linahitaji mfano. Tuseme jirani yako ameingia zizini mwako jioni, bila kuuliza, akachukua mbuzi mmoja ili watoto wake wacheze naye. Usiku uleule moto unashika boma lako na mbuzi wako wote wanateketea. Asubuhi mbuzi pekee aliyebaki wa ukoo ule ni yule aliyechukuliwa. Je, jirani ni mwizi au mlinzi? Je, umshukuru au umshtaki?

Sikutunga mfano huu kwa ajili ya kuchezea akili. Ndivyo ilivyotokea. Nasima alikuwa faru jike wa kaskazini aliyekamatwa Uganda na kupelekwa Uingereza, katika Knowsley Safari Park, karibu na Liverpool, mbuga ya burudani ambamo familia hupita na magari yao zikiwatazama wanyama kupitia madirishani. Miaka ya 1970 alihamishiwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Huko walikuwepo faru waliokamatwa Shambe, kusini mwa Sudan, mwaka 1975, na mmoja wao alipewa jina la Sudan. Mwaka 1989 Nasima na Sudan walimzaa Najin. Najin naye akamzaa Fatu. Sudan alikufa Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, akiwa dume wa mwisho wa kundi lake. Leo faru weupe wa kaskazini wanaojulikana kuwa hai duniani ni wawili tu, na wote ni majike: Najin na Fatu. Kwa hiyo damu ya mwisho ya faru wetu ilipita katika mbuga ya kuburudisha watoto wa Waingereza siku ya Jumapili. Wale waliobaki nyumbani, wakiwa huru, waliuawa wote.

Basi tuseme nini kuhusu jirani aliyechukua mbuzi? Naona ni kosa kusema kwamba moto ulimsafisha. Yeye hakujua kwamba boma litaungua. Alichukua kwa sababu alitaka. Wema uliotokea haukuwa wema wake. Lakini ni kosa pia kusema kwamba aliyeanza na wizi hawezi kamwe kuwa kitu kingine. Kuna saa moja inayoamua. Ni ile saa anapomwona mwenye boma amekaa juu ya majivu. Akisema, “Mbuzi huyu sasa ni wangu, maana wako wameungua,” wizi wake umekamilika. Akisema, “Mbuzi wako yuko kwangu. Jenga zizi, nitamleta, na akizaa nitakuletea na mtoto,” basi tangu saa hiyo amana imeanza. Haikuanzishwa na mwenye mali, imeanzishwa na dhamiri ya aliyenacho. Amana ya namna hii inaweza kuanza kwa kuchelewa, na mara nyingi ndivyo inavyoanza.

Kwa kipimo hiki tunaweza kuzihukumu bustani za wanyama bila kuzisifu zote wala kuzilaani zote. Swali si kama mahali pale pana bembea na aiskrimu, wala kama watoto wanacheka. Swali ni kama mahali pale pako tayari kumpoteza mnyama wake kwa ajili ya kwao. Dvůr Králové, Desemba 2009, iliwarudisha Afrika faru wanne, wakiwemo Sudan, Najin na Fatu, kwa matumaini kwamba wangezaa katika nyasi za Kenya. Hawakuzaa. Amana ilirudishwa, lakini ilikuwa imekaa sana.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Huko Florida, Marekani, kuna mbuga ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki na kukiita Harambe, na wageni hupandishwa magari ya wazi kwa safari iliyopewa jina la Kilimanjaro. Mtu wa kwetu akisikia habari hizo anaweza kucheka, au kukasirika kwamba maisha yetu yamefanywa mchezo. Lakini mwaka 2006 mbuga hiyo ilituma Uganda faru wawili, dume Hasani na jike Nandi, kwenda Hifadhi ya Faru ya Ziwa, wilaya ya Nakasongola. Mwaka uliotangulia wengine wanne walikuwa wameletwa kutoka Kenya. Mwaka 2009 Nandi alizaa dume. Alikuwa faru wa kwanza kuzaliwa Uganda baada ya karibu miaka 30, na kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, aliitwa Obama. Baadaye idadi ya faru wa Ziwa ilizidi 40. Kijiji cha uongo kimetoa faru wa kweli. Ningependa kuwa na neno kali la kusema juu ya Harambe ile, lakini kwa kipimo changu mwenyewe, siku ile ilifaulu.

Hapa napaswa kuungama jambo. Lango la Ziwa liko Nakitoma, kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, na basi letu lilipita hapo usiku. Tulipita karibu na faru wanaotembea nyikani tukiwa tumelala, tukiwaendea wa Entebbe. Si kosa la dada yangu. Entebbe watoto huona wanyama wengi kwa siku moja, na fedha zake zilikuwa za siku moja. Lakini linaonyesha kwamba tumezoea kuamini mnyama ni kitu cha mahali pengine, kitu cha kwendewa.

Msomaji makini atauliza: faru wa Ziwa ni wa kundi la kusini, wa kwetu walikuwa wa kaskazini. Je, kuleta hawa ni kurudisha amana au ni kubadilisha? Swali hili ni gumu, na wataalamu bado wanahangaika kuwapata watoto wa Fatu kwa njia ya maabara. Mimi nafikiri hivi. Ng'ombe wa mahari, ndoa ikivunjika na ikabidi warudishwe, mara nyingi hawarudi walewale. Wamekufa, wameuzwa, wamechinjwa. Wanarudishwa wengine, na wazee wanakubali kwamba deni limelipwa. Lakini hakuna mzee atakayekubali aambiwe, “Huyu ni yuleyule.” Malipo yanaweza kuwa kwa kitu kingine, maneno lazima yawe ya kweli. Basi faru wa kusini wakiletwa Ajai, kama ulivyo mpango wa Uganda, tuwapokee kwa furaha, na tuwaambie watoto wazi kwamba hawa si wale. Anayemwambia mtoto kwamba hakuna kilichopotea amemfundisha kwamba kupoteza si kitu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalogusa watu zaidi. Mama mwenye shamba la muhogo karibu na hifadhi anaweza kuuliza: mnarudisha wanyama kwa ajili ya nani? Mtalii ataona na kwenda zake, mimi nitabaki na ardhi iliyowekewa uzio. Naye ana haki. Amana ina pande mbili: mwenye kuirudisha, na mwenye kuipokea. Anayeipokea asipokuwa na nguvu ya kuitunza, kumrudishia ni kumtwika mzigo. Kwa hiyo, kama faru ni amana ya watu wa West Nile, basi watu hao wawe na sauti juu ya mipaka, wapate sehemu ya kiingilio, na watoto wao waingie kuwaona bila mama kuweka akiba miezi minane. Wakitengwa, faru atakuwa tena mali ya mtu fulani, na mali ya mtu fulani hailindwi na kijiji. Yaliyotokea miaka ile yatatokea tena.

Najua kwamba amana ni neno zito kulibebesha siku ya mapumziko. Mtu aliyelipa nauli ya watoto wanne hataki kuambiwa kwamba ana deni. Lakini deni ninalolisema halimzuii kufurahi. Linamtaka mambo mawili tu: aruhusu swali la “wanatoka wapi?” liulizwe, na alijibu kwa ukweli kadiri anavyojua. Furaha inayoweza kuvumilia swali hilo ni furaha halali. Ile isiyoweza ndiyo ya kutiliwa shaka.

Nimemaliza deni langu kwa sehemu. Siku chache kabla ya kurudi chuoni nilimketisha yule mtoto pamoja na babu, nikamweleza habari za Nasima, za Najin na Fatu, na za Nandi wa Florida. Babu alimwonyesha kwa mkono upande ambao faru walikuwa wakinywa maji. Mtoto alisikiliza yote, kisha akamuuliza babu swali ambalo sikulitarajia: “Wakirudi, watajua kwamba ni kwao?”

Babu alisema, “Hawatajua. Sisi ndio tutakaojua.”